Foleni ya Mafuta Hewa

Nianze na sehemu ya aibu ili tusipotezeane muda: yule mwanamke wa kizibao cha njano mliyeambiwa kwamba alifunga barabara ya Gatumba asubuhi nzima, yule ambaye baadhi yenu mliapa ni mlanguzi na wengine mkasema ni mgonjwa wa akili aliyewatoroka ndugu zake, ni mimi. Zaituni binti Sefu, wa Buyenzi, mhandisi wa barabara mwenye cheti chenye mihuri mitatu, na kabla hamjacheka naomba mkumbuke kwamba siku ile nilitoka nyumbani kwenda kupunguza msongamano. (Haya, chekeni. Mama yangu mzazi alicheka mpaka akaomba maji.)

Wakati huo nilikuwa na miaka miwili kama stajiere kwenye ofisi moja ya mambo ya barabara, ofisi siitaji jina kwa sababu bado tunasalimiana. Stajiere, kwa wasiojua, ni mtu anayefanya kazi ya watu wanne na kupewa kiti cha mtu aliyesafiri. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na Bwana Direkta, mtu mpole anayekaa Kiriri, kilimani kwa wakubwa, na anayeshuka mjini kila asubuhi akiwa na hasira ya foleni, alikuwa ameniambia kwamba anayetaka kazi ya kudumu alete kitu kinachoonekana kwa macho, si makaratasi.

Basi nikaleta kitu. Nilikuwa nimejifunza chuoni kwamba kwenye miji mikubwa yenye barabara pana za kwenda kasi, tatizo si wingi wa magari tu, tatizo ni namna yanavyojimwaga kwa pamoja kutoka barabara ndogo za pembeni, kila mmoja anataka kuchomeka pua yake kabla ya mwenzake, na kundi zima linakwama. Kwa hiyo wanaweka taa kwenye kila mdomo wa kuingilia: kijani, linapita gari moja, nyekundu, linasubiri la pili, sekunde chache tu, kisha kijani tena. Na taa hizo zinaambizana, kwamba huku kwangu kumejaa, wewe wa kule shikilia kidogo. Nilimweleza Bwana Direkta kwa mfano wa faneli na bidoni, yaani dumu la mafuta: ukimimina mafuta yote kwa pupa yanamwagikia miguuni, ukimimina taratibu yanaingia yote. Alikipenda sana kile kipande cha mafuta, na sikujiuliza kwa nini.

(Najua, najua. Bujumbura haina barabara ya namna hiyo. Tuna barabara yetu ya kwenda Gatumba yenye malori ya mpakani, baiskeli zilizoning'inia nyuma ya malori hayo, ndizi juu ya baiskeli, na mbuzi mmoja ambaye nadhani ni yuleyule kila siku. Lakini mtu hasubiri mpaka awe na ikulu ndiyo ajifunze kufagia.)

Tukakubaliana: Alhamisi, saa tatu asubuhi, Bwana Direkta atakuja na wakubwa wenzake kuangalia jaribio kwenye midomo miwili ya kuingilia barabara kubwa, mimi nikisimamia wa juu na mwenzangu Aloyisi akisimamia wa chini, mbele kidogo kuelekea Gatumba. Magari yakitiririka, napata kazi. Yasipotiririka, mwisho wa mwezi narudisha kizibao. Alisema hivyo hasa, kwamba nitarudisha kizibao, kana kwamba kilikuwa kizibao cha dhahabu.

Mataa alinitengenezea baba yangu. Fundi Sefu ana gereji Buyenzi tangu kabla sijazaliwa, na alichomelea nguzo mbili, akang'oa taa kutoka lori moja lililofia kwake miaka mingi iliyopita, akazipaka rangi, akafunga betri, akajaribu swichi mara hamsini huku akiita majirani waje waone. Msikitini alikuwa ameshamwambia kila mtu. Alikuwa akisema, na nilimsikia kwa masikio yangu, "Mutoto wangu atasimamisha gari bila filimbi na bila bunduki." Yaani mzigo wa kazi ya kudumu haukunitosha, nikaongezewa na heshima ya baba mbele ya mafundi wote wa Buyenzi.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo nilipojichimbia kaburi. Nguzo zilihitaji kitu kizito cha kuzishika zisianguke, na njia ilihitaji alama pembeni ili magari yapange mstari mmoja. Aloyisi, mtu wa vitendo, akasema tutumie matawi ya miti, kama kila dereva wa nchi hii anavyofanya gari lake likiharibika. Mimi nikamtazama kwa huruma ya msomi. Nikamwambia, "Aloyisi, tukiweka matawi watu watafikiri iko lori imekufa." Nikajiona nina akili, nikaenda kwa baba, nikachukua bidoni za njano, zile za lita ishirini, kumi na mbili, nikazijaza mchanga, nikazipanga kando ya barabara zikiwa safi, zinang'aa, vifuniko juu.

Na wiki ile, ndugu zangu, mji mzima ulikuwa haujaona mafuta. Vituo vyote vilikuwa vimekauka, na watu wa Bujumbura walikuwa wameshakuwa wataalamu wa kusoma dalili: magari mawili yakisimama pamoja na bidoni katikati, la tatu linakuja lenyewe, haliulizi. Hata mimi siko juu ya hilo. Siku chache kabla, nilikuwa kwenye gari la shangazi, tukasimama nyuma ya magari manne kwa nusu saa nzima, tukiwa na matumaini, kumbe ni watu wanaenda kuzika. Tulitoa pole tukaondoka. Na bado, kwa akili zangu timamu, nikapanga bidoni za njano kumi na mbili barabarani.

Tulianza saa moja na nusu, na naapa kwa robo saa ya kwanza ilikuwa raha tupu. Teksi ikasimama kwenye nyekundu, ikapita kwenye kijani. Nyuma yake pikapu, nyuma yake gari la mchanga. Nilikuwa na daftari, naandika namba ya kila gari na saa lilipofika, ili nijue limesubiri muda gani (andikeni hilo pembeni, tutarudi kwalo), na Aloyisi alikuwa ananipigia simu, kwangu kumejaa, shikilia, nami nashikilia, kwangu kumepungua, achia, nami naachia. Mataa yalikuwa yanaongea, barabara kubwa ilikuwa inatembea, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuchagua rangi ya pazia za ofisi yangu.

Halafu akatokea mama mmoja kwa miguu, ana bidoni tupu. Akaangalia magari matano yaliyosubiri nyekundu, akaangalia bidoni zangu, akaniangalia mimi na daftari langu. Akaenda nyuma ya gari la tano, akaweka bidoni yake chini, akaikalia.

Nikamfuata kumweleza kwamba hili si la mafuta, ni jaribio la taa. Akaitikia vizuri sana na hakuinuka. Nilipokuwa narudi, dereva wa teksi aliyekuwa wa pili kwenye mstari, mzee mwenye kofia ya sufu kwenye joto lile, akashusha kioo, anataka kujua kama ni petroli au dizeli.

"Iko esansi ama mazutu?"

"Hakuna kitu, Muze. Tunajaribu taa."

Akatabasamu, na tabasamu lile sitalisahau, la mtu aliyekabidhiwa siri na atakayeitunza vizuri. "Sawa, Madamu. Mi sijaona kitu." Akapandisha kioo, akatoa simu, akampigia mdogo wake.

Hapo ndipo mngenishauri, lakini hamkuwepo. Kwenye mji usio na mafuta, mtu anayesema hakuna mafuta ndiye anayo. Kila nilivyozidi kukataa ndivyo walivyozidi kuamini, na kila nilivyoandika namba ya gari ndivyo walivyozidi kuniletea namba, maana nani asiyejua kwamba mafuta siku hizi ni kwa liste, orodha ya namba za magari, na mwenye daftari ndiye mwenye liste? Wenye pikipiki walikuja, mtu akaja na mkokoteni wenye bidoni nane, mwingine akaweka jiwe kwenye mstari akaliambia jiwe lisisogee, akaenda kunywa chai. Nilipojaribu kuficha daftari chini ya kizibao ikawa mbaya zaidi, wakanung'unika kwamba naandika marafiki zangu tu.

Na sasa kichekesho chenyewe. Nikawasha kijani. Hakuna aliyekwenda.

Nikazima, nikawasha tena, pengine hawakuona. Nikamwendea yule mzee wa kofia, ambaye bado alikuwa wa pili kwenye mstari, nikamwambia kwa adabu kwamba ni kijani, apite.

"Nipite niende wapi?" akasema. "Niko wa pili."

Mimi, mhandisi, nimesoma vitabu vizima juu ya namna ya kuwazuia madereva wasipite kwenye nyekundu. Hakuna kitabu hata kimoja chenye ukurasa wa dereva anayekataa kijani kwa sababu anaogopa kupoteza nafasi yake. Nikampigia Aloyisi nimwombe ushauri, nikamsikia kwenye simu akimbembeleza mtu ashuke kwenye nguzo yake, nikakata.

Karibu na saa mbili na nusu akaja baba. Alikuwa amevaa kanzu ya Ijumaa siku ya Alhamisi, ameketi nyuma ya usukani wa Toyota yake nyeupe, na Toyota ilikuwa inasukumwa na mafundi watatu kutoka gereji, maana haikuwa na tone. Nikamkimbilia, nikidhani amekuja kuniokoa. Alinieleza kwamba alikuwa amepanga kuja kwa miguu saa tatu kuangalia taa, lakini Buyenzi nzima ilikuwa inasema binti wa Fundi Sefu ndiye anaandika liste ya mafuta, akaona si vizuri kuja mikono mitupu. Alikuwa na bidoni mbili kwenye kiti cha nyuma, na fahari usoni ambayo sijawahi kuiona, hata siku ya mihuri mitatu. Nikamwambia ukweli, kwa sauti ya chini. Baba akanishika mkono, akasema anaelewa, siwezi kusema mbele za watu, na kwamba hataki upendeleo, atakaa mwisho kama wote. Mafundi wakamsukuma mpaka mwisho.

Nililia kidogo, sioni haya kusema. Nilikuwa na hasira na mji mzima, na mafuta, na bidoni, na zaidi na mimi mwenyewe.

Saa tatu kamili (kwa kushika muda sina la kumlaumu) gari jeusi la Bwana Direkta likashuka kutoka upande wa Kiriri na kusimama kando. Nikavuta pumzi. Huyu alikuwa mtu pekee duniani, ukimtoa Aloyisi, anayejua kwa hakika kwamba hapa kuna taa tu, kwa sababu kibali alikisaini yeye. Akashuka peke yake, wakubwa wenzake wakabaki ndani wakiniangalia kupitia vioo, akaja karibu, akanyoosha tai.

"Zaituni," akasema polepole, "ile mambo ya taa tutaiona kisha. Kwanza niandike mi."

"Bwana Direkta, hakuna mafuta. Hii ndiyo ile mpango yetu. Ya faneli."

Akacheka, akanipiga begani. "Wote munasemaka hivo. Uandike na ile ya madamu."

Nilimwangalia nione kama ananitania. Dereva wake alikuwa ameshafungua buti, na mle ndani mlikuwa na bidoni mbili za njano kama zangu, ila zake hazikuwa na mchanga. Na hapa nikafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza: mkono wangu, ambao kwa miaka miwili umezoea kuandika anachosema Bwana Direkta, ukaandika. Namba ya gari jeusi, na ile ya gari la madamu, mke wake.

Foleni nzima iliona. Kama kulikuwa na mtu mmoja mwenye shaka, shaka iliisha pale, maana mkubwa hateremki Kiriri kuja kuandikwa kwenye liste ya uongo. Watu wakaanza kunizunguka, wananiwekea vipande vya karatasi mkononi, mfukoni, kwenye kola, mmoja aliniandikia namba yake kwenye kizibao kwa kalamu ya wino, ipo mpaka leo. Hewa ilianza kupungua. Nikaogopa kweli, na mtu akiogopa husema chochote, nami nikapanda juu ya bidoni nikapaza sauti kwamba mafuta si hapa, mafuta iko kule chini, kwa Aloyisi.

Mngeona. Magari yaliyokataa kijani kwa saa nzima yaliondoka kwa sekunde, yote kwa pamoja, kwa pupa ileile ya faneli niliyokuja kuitibu, yakajimwaga barabara kubwa kuelekea chini. Nikashuka kwenye bidoni, nikachukua simu kumwonya Aloyisi, na Aloyisi akapokea kwa sauti ya furaha akaniambia nisiwe na wasiwasi, kwake ameshasafisha, watu walikuwa wanataka kumla nyama, kwa hiyo amewaambia mafuta iko kule juu, kwa Zaituni.

Kwa mara ya kwanza siku ile mataa yangu mawili yalikuwa yamefanya jambo moja kwa wakati mmoja. Wa juu walishuka, wa chini walipanda, wakakutana katikati ya barabara ya Gatumba, na kwa kuwa kila upande uliona upande mwingine unatoka kule unakokwenda, kila upande ukaamini umechelewa, wakageuza magari palepale. Lori la mpakani likakwama kwa ubavu. Yule mbuzi akapita. Bwana Direkta, ambaye alikuwa amewahi kuingia barabarani kabla ya wote, alikuwa katikati kabisa na wakubwa wenzake, madirisha yamefungwa.

Polisi walihitaji muda mrefu kulifungua fundo lile, na karibu na saa sita walipomaliza walinileta mimi na Aloyisi mbele ya watu, wakaniambia nitoe bidoni moja nionyeshe kilichomo. Nikafungua kifuniko, nikamwaga. Mchanga ulitoka taratibu, na watu walitazama mpaka punje ya mwisho, pengine wakitegemea kwamba chini yake kuna kitu. Yule mama wa kwanza akachukua bidoni yake, akaniambia tu, "Si ungesema tangu asubuhi." Nikamwambia kweli, samahani.

Wakatawanyika. Bwana Direkta hakunikaripia, maana angenikaripia vipi na buti lake liko wazi. Alisema jaribio limeahirishwa, akaondoka akiwa anaangalia mbele. Nikavua kizibao nikakikunja vizuri, ili siku ya kukirudisha kisiwe na mikunjo.

Nilipogeuka, nikaona gari moja bado limesimama kwenye mdomo wa kuingilia, nyuma ya mstari. Ni Toyota ya baba. Wakati wote walipokimbilia chini yeye hakuweza kukimbia, hana mafuta, na mafundi wake walikuwa wamekaa ukingoni wanakula karanga.

"Kwa hiyo mafuta haiko," baba akasema.

"Haiko, Baba."

"Na taa?"

"Taa iko."

"Basi washa."

Nikawasha nyekundu. Baba, ambaye hakuwa anatembea, akakanyaga breki. Akashika usukani kwa mikono miwili, akanyoosha mgongo ndani ya kanzu yake, akasubiri. Nikahesabu sekunde zangu zote bila kupunguza hata moja, nikawasha kijani, na mafundi watatu wakasukuma, na baba akawasha kiashiria, akaingia barabara kubwa, peke yake, barabara nyeupe kabisa mbele yake na nyuma yake. Hilo ndilo gari pekee lililotii kijani changu baada ya ile robo saa ya kwanza.

Barua ilikuja kabla ya mwisho wa mwezi. Nimepata kazi ya kudumu, nashukuru. Imeandikwa kwa Kifaransa kizuri kwamba, kwa kuzingatia uwezo nilioonyesha wa kukusanya na kupanga magari, napelekwa kwenye kamati ya liste ya mafuta, na tangu hapo ninakaa kwenye meza chini ya mwavuli na daftari, naandika namba za magari, na gari jeusi pamoja na la madamu hujikuta kila mara mbele kwa namna ambayo mimi stajiere wa zamani siwezi kuieleza. Kizibao hawakukidai. Mataa yamerudi Buyenzi, yananing'inia mlangoni mwa gereji, kijani ikimaanisha fundi yupo.

Nimeapa mbele ya mama, aliyekuwa bado anacheka, kwamba mkono wangu hautapanga tena bidoni ya njano mahali popote penye gari, hata iwe ya maji ya kutawadha. Na baba huja kwenye meza yangu kila zamu yake inapofika, kwenye mstari kama wote, gari likisukumwa. Akifika mbele husimama, hata kama nyuma wanapiga honi na mimi nimeshaandika namba yake, haondoki, ananiangalia tu, mpaka niinue kichwa nimwambie, "Kijani, Baba."